Alizeti za Nakunda

Hadithi inabisha hodi, jamani. Na iingie!

Palikuwa na kijiji chenye mvua fupi mno. Mvua zikikatika, zimwi hushuka mlimani, na nyumba isiyo na ua lililochanua hupoteza mtu. Watu walipanda mwaridi na asumini, ndiyo maua ya heshima. Nakunda akapanda alizeti.

“Chakula cha kuku!” mama yake akamaka. “Mwanangu, unaniponza!”

“Mama, mwaridi una miaka mingi mbele yake, hauna haraka. Alizeti ina msimu huu tu, basi inakimbia.”

Ikakimbia kweli! Ikafika magotini, ikafika kiunoni, ikampita mama mtu.

Mvua zikakatika. Zimwi likashuka alfajiri, gunia begani. Kwa jirani wa kwanza likakuta mwaridi. “Majani matupu!” Likamtia mtu guniani. Kwa wa pili likakuta asumini. “Majani matupu!” Likamtia mtu guniani. Likafika kwa Nakunda jua likichomoza.

Alizeti zote zilikuwa zimechanua, zimeelekea mashariki, kule kule zimwi lilikotokea. Nalo tangu lizaliwe halijatazamwa usoni; watu hulikimbia.

“Mnanitazama nini?”

Kimya.

“Nasema, mnanitazama nini?”

Kimya.

“Jamani, mnanitazama nini?”

Likashikwa na haya, likajifunika uso, likatupa gunia na kutimua mbio.

Majirani wakatoka guniani wakipiga chafya. Kabla hata ya kushukuru, wakauliza, “Nakunda, mbegu zitakomaa lini?”

Mama yake ndiye aliyejibu: “Pangeni mstari!”

Hapo ndipo nilipoikuta, na hapo naiacha.