Njuga ya Fisi na Abiria Wasiolalamika

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza, na mabaraza yalipopenda kusinzia, mbuga iliungua moto na maji yakabaki ng'ambo tu. Wadogo hawakuweza kuvuka kwa miguu. Majivu yalikuwa bado yanachoma. Ilibidi wabebwe mgongoni.

Kubeba abiria kulihitaji kibali. Kibali chenyewe kilikuwa njuga ya mguuni, na waliotoa njuga ni wazee wa baraza: Tembo mwenyekiti, Kiboko na Nyati.

Punda alikwenda kuomba. Nyati akamkagua.

"Sikio limechanika. Na salamu yako ya mkato. Hufai! Toka!"

Fisi akaja, kajilamba manyoya hadi yanang'aa. Akapiga magoti, pu!

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahabaa!" Kiboko akafurahi. "Mnaona adabu hiyo?"

Akaapa kwa sauti, wakamfunga njuga. Anakula nini, hakuna aliyeuliza.

Basi Fisi akawa anapita, njeche-njeche, njeche-njeche, anabeba watoto wa watu. Bi Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye macho makali, alimpandisha mwanawe wa kiume aende kwa shangazi yake kwenye maji. Shangazi akangoja. Mtoto hakufika.

Bi Nguchiro akaenda barazani.

"Wazee, Fisi amemla mwanangu. Nimebakiwa na binti mmoja, naye kiu inamuua. Mvueni njuga huyu!"

Tembo akapunga masikio. "Mama, tangu apewe kibali hatujapata lalamiko hata moja. Kanuni zetu zasema mlalamikaji ni abiria mwenyewe. Mwanao aje mwenyewe, tumsikie."

"Mwanangu aliyeliwa aje?"

"Ndiyo kanuni, mama."

Mngelia, nyie? Yeye hakulia. Machozi nayo ni maji, na maji hayakuwepo. Alikwenda kwa Nungunungu, mzee mwenye hasira zake, ambaye wajukuu zake nao walipanda wasirudi.

"Nikuzungushie mkeka, babu, nikupandishe kwa Fisi?"

"Anile?"

"Ajaribu."

Nungunungu akacheka kicheko kikavu. "Leta mkeka."

Siku ya pili Bi Nguchiro akarudi barazani, amejitanda kanga vizuri, uso laini kama siagi.

"Wazee wangu, nisameheni. Niliropoka kwa uchungu. Nimekuja kumwombea Fisi heshima. Ambebe binti yangu mgonjwa mbele yenu, na akirudi mumvishe njuga ya pili."

"Unaona!" Kiboko akamwambia Nyati. "Wanawake hupandwa na jazba, kisha hutulia."

Fisi akaitwa. Bi Nguchiro akamfungia mgongoni mkeka uliokunjwa. Ulikuwa mkeka wa kulalia wa yule mtoto aliyepotea, na harufu yake ilikuwa bado imo. Akakaza kamba.

"Usimfunue, mwanangu. Mwanga unamuumiza. Tena ni mnono, amelala fofofo."

"Mnono?" Fisi akameza mate. "Usijali, mama. Abiria wangu ni kama wanangu."

Njeche-njeche, akaondoka. Wazee wakasinzia.

Kule nyuma ya kichuguu njuga ikanyamaza. Halafu: "Uwiiii! Uwiii!"

Kiboko akashtuka. "Nini hicho?"

"Anaimba," akasema Bi Nguchiro. "Kazi anaipenda."

Fisi akarudi, mgongo mtupu, midomo ameibana.

"Abiria amefika?" akauliza Tembo.

"Mmh."

"Salama?"

"Mmh, mmh."

"Mnyenyekevu kweli!" akasema Kiboko. "Wengine wangejisifu hapa mpaka jioni. Leteni njuga ya pili."

"Ngojeni," akasema Bi Nguchiro. "Kanuni zenu zasema anayevishwa njuga huapa kwanza, kwa sauti. Au kanuni ni za akina sisi tu?"

Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato. "Haya, Fisi. Apa."

Fisi akatikisa kichwa.

"Apa, nimesema!"

Fisi akafumbua kinywa. Miiba imesimama kwenye ulimi, miiba imesimama kwenye ufizi, damu inachuruzika chwi, chwi. Hapo hapo akatokea Nungunungu, anachechemea, shingo ina alama za meno, anaburura mkeka uliochanika.

"Mimi ndiye abiria," akasema. "Nimekuja kulalamika mwenyewe, kama mnavyotaka."

Nyati akakata njuga kwa pembe, Fisi akatimuliwa mpaka nyikani. Tembo akasafisha koo.

"Mama, baraza limetenda haki. Umeridhika?"

Bi Nguchiro aliukunja ule mkeka, akautia kwapani.

"Waombaji wengine wamekwisha panga foleni," Tembo akaendelea. "Mmoja wao Chui. Kijana msafi sana, ana salamu nzuri."

Bi Nguchiro akamchukua binti yake kutoka alikokuwa amemficha, akamweka mgongoni kwake mwenyewe, akakanyaga majivu. Moshi ukafuka nyayoni.

"Wewe mama!" Nyati akapiga kelele. "Huna kibali cha kubeba abiria!"

Hakugeuka. "Fisi alikuwa nacho."

Basi nyie watoto, ukitaka kumjua mbebaji, usiridhike na salamu zake. Watafute aliowabeba, na usipowaona, umekwisha jibiwa.