Mishumaa ya Pasaka Iliyopimwa kwa Kilo

"Elfu themanini hiyo hapo. Hiyo sitini nyingine haipo," alisema Mzee Mihayo, akaziweka noti juu ya kigoda na kuzikandamiza kwa kopo la nyuzi zisipeperuke. "Nta ni nta, mwanangu. Iwe bonge, iwe mshumaa, mizani haijui sura."

"Tuliagana laki na arobaini," Nyamizi akamjibu. "Mishumaa mia mbili, mia saba kila mmoja. Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa, ukasema sawa."

"Niliitikia. Kuitikia si kukubali."

Mwanamke huyu alikuwa na sufuria mbili, jiko la mkaa na mikono yake. Hakuwa na kingine cha kumwingizia riziki. Alinunua nta kwa warina asali waliotoka porini, akaiyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya maji ya sufuria kubwa, maana nta ikikutana na moto ana kwa ana huwaka. Akaichuja kwa kitambaa, kwa sababu nta ya porini huja na miguu ya nyuki na vipande vya magome. Kisha akachovya utambi, akautundika, akasubiri upoe, akachovya tena. Mshumaa haunenepi kwa haraka. Ukiuchovya kabla haujapoa, nta ya kwanza inayeyuka na wewe unarudi ulikoanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kusubiri, na kusubiri hakuonekani. Mpita njia akichungulia uani humwona mwanamke amekaa, mikono juu ya magoti, akasema moyoni: huyu amepumzika.

Mihayo alikuwa muuza asali, tena mzee wa kanisa. Mwaka ule baraza lilimkabidhi mishumaa ya Pasaka. Kwao ni desturi: alfajiri ya Pasaka, jua halijatoka, waumini huenda makaburini, kila mmoja na mshumaa wake, akasimama kwenye kaburi la mtu wake, wakaimba mpaka kuche. Miaka yote walitumia mishumaa ya dukani, ile myeupe inayopinda kwa joto na kuzimika kwa upepo wa mtu kupita. Mwaka ule wakasema, sisi tunakaa katika nchi ya nyuki, kwa nini tuwawashie wafu wetu vitu vya kiwandani? Wazo zuri. Mawazo mazuri ni ya bure, ndiyo maana yana wapenzi wengi.

Alipokuja kulipia mzigo Jumamosi mchana, Mihayo alikuja na mizani yake ya asali. Akalitundika kapu, akasoma: kilo nane. Kilo ya nta sokoni ni elfu kumi. Hesabu ikawa imekwisha, na alivyoona yeye, haki nayo ikawa imetendeka. Hakuwa mwizi machoni pake mwenyewe. Hilo ndilo lililomchoma Nyamizi zaidi. Mwizi anajua ameiba, hukimbia. Huyu alisimama akingoja kushukuriwa.

"Nta peke yake Kapaya ananidai elfu themanini na tano," Nyamizi alisema. Kapaya ndiye mrina asali aliyemkopesha nta mbichi, na nta mbichi hupimwa pamoja na uchafu wake. "Kwa hiyo mimi nimefanya kazi wiki mbili, halafu nitoe na elfu tano yangu kulipia ruhusa ya kuifanya?"

"Wiki mbili zipi? Kila nikipita hapa nakukuta umekaa."

"Nilikuwa nasubiri nta ipoe!"

"Basi! Kusubiri nako siku hizi kunauzwa?" Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshika penye kushikika. "Na maharage yalikuwa yanaiva hapo pembeni, niliyaona kwa macho yangu. Tena nilikusifia siku ile. Nikasema, mama, hii kweli ni kazi. Ukanijibu nini? Ukasema, ah, mzee, si kitu. Leo hiyo si kitu yako imezaa elfu sitini?"

Nyamizi akainamisha macho. Ni kweli alisema. Mama yake alimlea hivyo, na bibi yake alimlea mama yake hivyo: ukisifiwa, inamisha macho, sema si kitu. Ni adabu. Hakuwahi kufikiri kwamba wapo watu wanaookota adabu za wenzao, wakazitunza vizuri, wakazitoa siku ya malipo kama risiti.

Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imepanda. "Na asali yako, mzee, unaiuza kwa bei ya ndoo ya porini? Ukishaichuja, ukaitia kwenye chupa, ukabandika kikaratasi chenye nyuki anayecheka, si inapanda mara mbili? Yule nyuki anacheka nini kama si sisi wanunuzi?"

"Ile ni biashara."

"Na hii?"

"Hii ni kanisa, mwanangu."

Mlangoni pa ua alikuwa amesimama Bibi Mwashi, mjane wa nyumba ya pili, aliyekuja kuomba moto, kigae mkononi. Alikuwa amekusudia kungoja ugomvi uishe. Ugomvi haukuisha, naye akachoka kungoja.

"Samahani, mzee," akasema. "Ile elfu moja moja tuliyotoa imekwenda wapi?"

Mzee Mihayo akakohoa. "Ile, bibi, ni ya mabati ya nyumba ya mchungaji."

"Mimi niliambiwa ya mshumaa. Nikatoa nikijua namwashia mume wangu. Kumbe namwezekea mchungaji!"

Hapo mambo yakakaa uchi. Watu mia mbili walikuwa wametoa elfu moja kila mtu, nayo ni laki mbili. Angelipa mishumaa kwa bei waliyoagana, bado elfu sitini ya halali ingebaki kwenda kwenye paa, na hakuna ambaye angenuna. Lakini elfu sitini haikumtosha. Alitaka kusimama mbele ya watu na kutangaza laki na ishirini, apigiwe makofi. Na ile nusu iliyozidi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye magoti ya mwanamke aliyekaa uani akisubiri nta ipoe. Jamani, kuna utoaji wa namna hii, tena ni mwingi: mtu anakata nyama kwenye paja la jirani, anaipeleka madhabahuni, halafu anashangaa jirani anachechemea bila shukrani.

Mihayo aliona anaelemewa. Akashusha sauti, akaifanya laini kama ya mimbarini.

"Nyamizi, mwanangu, kazi yako yenyewe ikufundishe. Mshumaa hujiteketeza ili wengine waone. Haudai, haulalamiki. Nawe kubali kuwa mshumaa."

Nyamizi akalinyooshea kapu kidole.

"Hata huo mshumaa, mzee, kuna mtu aliulipia kabla haujawashwa."

Mzee alikunja mizani yake, akasema vijana wangekuja kulibeba kapu kabla ya alfajiri, akaondoka. Noti akaziacha pale pale juu ya kigoda.

"Ifungie mishumaa ndani," Bibi Mwashi akamshauri. "Funga na komeo. Kesho aende makaburini na mizani yake, awapimie watu giza kwa kilo."

Nyamizi alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akalitazama kapu. Mishumaa ilikuwa imelala jozi jozi, kila jozi imeungana juu kwa utambi mmoja, kama ilivyotoka kuchovywa. Kuifungia kulikuwa rahisi. Lakini Bibi Mwashi alikuwa amelipa, na wote mia mbili walikuwa wamelipa. Aliyekuwa na deni alikuwa mmoja. Kuwanyima wengi kwa kosa la mmoja ni kufanya kama Mihayo: kumkata asiye na hatia ili hesabu yako ikae vizuri. Yeye alijisifu kwa jambo moja tu maishani, kwamba mtu akinunua kwake anapata alichonunua. Hakuwa tayari kulipoteza kwa sababu ya mzee mmoja mwenye mizani.

Jioni ile alimpelekea Kapaya elfu themanini yote. Kapaya alizihesabu, akasema bado tano, na akasema pia, bila ubaya, kwamba nta nyingine hataitoa mpaka amalize. Nyamizi akarudi nyumbani. Mkaa ulikuwa umebaki wa kupikia mlo mmoja. Sufuria zilikuwa safi, nazo zingebaki safi. Alijua sasa ile sitini ilikuwa nini hasa. Wengine waliiona kama faida. Kwake ilikuwa nta ya mwezi ujao, mkaa wake, nyuzi zake, na unga wa nyumbani. Bila hiyo, kazi imekufa, na aliyeiua atakuwa anasifiwa kwa mabati.

Hakungoja vijana. Kabla ya mapambazuko alijitwika kapu mwenyewe, akaenda kusimama penye lango la makaburi. Watu walipofika, alikata jozi kwa wembe, moja baada ya nyingine, akamtia kila mtu mshumaa wake mkononi. Hakusema neno la ugomvi kwa yeyote. Mzee Mihayo naye alipopita, akampa wake, maana naye alikuwa ametoa elfu yake moja kama wengine. Mzee akaupokea haraka, akaingia ndani bila kumtazama.

Moto ukapita kutoka mkono hadi mkono. Makaburi yakaanza kuonekana moja moja, na harufu ya asali ikatanda mahali ambapo siku zote hunuka majani mabichi na udongo. Upepo ulivuma na mishumaa haikuzimika. Watu wakanong'onezana kwa furaha. Bibi Mwashi alikuwa amechuchumaa kwa mume wake, ameukinga mwali kwa kiganja, akimweleza habari za mwaka mzima.

Mzee Mihayo akapanda juu ya tuta, akafungua ibada. Akawashukuru wazee. Akawashukuru wanakwaya. Akatangaza laki na ishirini za mabati, na watu, kwa kuwa mikono yao ilikuwa na mishumaa, wakapiga vigelegele badala ya makofi. Kisha, kwa sauti yake ile laini, akasema, "Na tumshukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu Nyamizi, aliyejitolea nguvu zake bure kwa ajili yetu sote."

Nyamizi alikuwa bado langoni, kapu tupu miguuni. Akaliacha pale. Akapita katikati ya makaburi, watu wakimpisha wakidhani anakwenda kuombewa, mpaka akafika mbele ya tuta. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya watu mia mbili na taa zao.

"Sikujitolea, Mzee Mihayo. Niliuza. Nipe elfu sitini yangu."