Jani la Sale na Shimo la Perere

Haya, bisha. Wewe hapo uliyekalia gunia la maharage kana kwamba umelilima wewe, bisha sasa hivi kabla sijaanza. Sema haiwezekani kamnyama kadogo kama sufuria ya uji kumtoa nyati mzima bondeni bila kumgusa hata unywele. Sema! Ukishabisha, kaa kimya hadi mwisho, maana mimi sikatizwi. Walimu walijaribu kunikatiza darasa la sita, nikawaachia darasa lao na chaki zao.

Basi. Nikisema "Maji hayo!", ninyi mjibu "Yaache yapite!"

Maji hayo!

— Yaache yapite!

Hamjala leo? Maji hayo!

— Yaache yapite!

Yapite wapi? Yapite Bonde la Ngurunga.

Bonde hilo lilikuwa kimya, kimya cha kusikia gimbi likinywa maji. Juu kabisa palikuwa na chemchemi. Chini ya chemchemi palikuwa na bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Bwawani ukatoka mfereji mmoja, ukapita ubavuni mwa mlima kama mshono kwenye shuka, ukashuka chururu, chururu, ukanywesha kila shamba. Nani aliuchimba? Hakuna aliyejua. Hata babu wa babu yake Kobe aliukuta pale.

Maji yalikwenda kwa zamu. Leo Kanga, kesho Ngedere, keshokutwa Perere, yule kamnyama ka manyoya nduguye pimbi, mtondo Shangazi Nungunungu, ambaye ndiye aliyekuwa mtunza zamu. Na kila mpaka wa shamba ulipandwa masale. Mnayajua masale? Ile mimea ya majani marefu, yenye ncha kama ulimi wa nyoka. Sale halikuwa ua la kupendezesha uani. Ukimkosea mwenzako, ulichuma jani la sale, ukalifunga fundo, ukampelekea. Naye akishalipokea, hasira inakwisha. Anaacha alichokuwa akifanya, anakufuata nyumbani kwako, mnakula pamoja hadi jua linazama. Ndiyo mila. Na anayekataa jani, koo linamfunga: hamezi maji, hamezi majani, mpaka atubu.

Ndipo akaja Nyati.

Alipanda kutoka uwandani, gudu, gudu, gudu, vumbi hadi kwenye kope.

"Nimesikia huku kuna maji," akasema.

"Yapo, baba," akajibu Shangazi Nungunungu. "Ila yana mila zake."

"Mila gani?"

"Zamu na jani."

Akamweleza zamu, akamweleza jani, akamweleza na koo. Nyati akatikisa kichwa haraka haraka. "Nimekubali, nimekubali. Maji yako wapi?"

Chubwi! Akajitupa bwawani. Na alipokaa, makalio yake yakakaa sawasawa kwenye mdomo wa mfereji. Chururu ikawa churu. Churu ikawa chu. Chu ikawa kimya.

Kanga akaenda kuuliza. "Mkubwa, leo zamu ya nani?"

"Yangu."

"Na kesho?"

"Yangu."

"Na keshokutwa?"

"Wewe kuku wa madoadoa, hesabu yako fupi. Zote zangu."

"Lakini ulikubali kufuata zamu!"

"Nimezifuata. Nimezifuata zote nikazikamata."

Siku ya tano magimbi ya Perere yalianza kuinamisha masikio. Perere akayatazama. Yalipandwa na mama yake, na mama wa mama yake kabla yake. Akayashika majani, yakakatika mkononi kama karatasi. Akaingiwa na uchungu. Lakini Perere hakuwa mtu wa kulia wakati ule. Alikuwa mtu wa kujisifu, kama mtu fulani ninayemjua, mzuri wa sura, anayesimulia hadithi.

"Nyati nitamtoa mimi," akasema mbele ya wote. "Tena nitamtoa kwa miguu yake mwenyewe."

Ngedere akacheka mpaka akadondoka tawini. "Wewe? Ukisimama kwenye kwato yake hufiki goti!"

"Nyie andaeni chakula tu."

Asubuhi Perere akapanda mkuyu ulioinamia bwawa. Akachuma kuyu bovu, akalenga. Pwa! Puani.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Unanichokoza?"

"Nakuchokoza."

"Nikikushika nitakufanya mkeka!"

Perere akateremka, akakimbia mpakani, akachuma jani la sale, akafunga fundo, akarudi akiinama kama bibi harusi. "Mkubwa, nimekukosea. Jani hili."

Nyati akalitazama jani. Akalitazama bwawa. Akajipapasa koo. Kwa mlafi, nani mkubwa kuliko koo? Akainuka, chwaa! akatoka majini, akamfuata Perere nyumbani. Akala magimbi, akala ndizi, akala boga na kikonyo chake. Na huko nyuma mfereji ukafunguka. Chu. Churu. Chururu! Mashamba yakanywa kutwa nzima. Jua lilipozama Nyati akarudi bwawani, akakaa, kimya. Lakini mashamba yalikuwa yameshiba.

Siku ya pili Perere akapanda mkuyu. "We Nyati! Hiyo pua au mzinga wa nyuki uliolowa?"

"Unanichokoza?"

"Nakuchokoza."

Akateremka, akachuma jani, akafunga fundo. "Mkubwa, nimekukosea. Jani hili." Nyati akatoka, chwaa! Akala viazi, akala kunde, akala na kikapu kilichobeba kunde. Mfereji ukafunguka, chururu.

Siku ya tatu Perere akapanda mkuyu, na alichomwagia Nyati mgongoni sitakisema mbele ya shangazi zangu waliokaa hapa. "Unanichokoza?" "Nakuchokoza." Jani, fundo, chwaa, chururu.

Bonde zima likawa linacheka. Kanga alikuwa akicheka huku anamwagilia. Kila jioni walimbeba Perere mabegani: "Perere fundi! Perere mfunga mafundo!" Naye akavimba, akavimba, akaanza kutembea katikati ya njia.

Lakini chakula, ndugu zangu, hakina mabega ya kubebwa. Siku ya nne majirani walileta mafungu. Siku ya tano walileta nusu fungu. Siku ya sita Ngedere alileta ganda la ndizi na salamu. Jioni ya siku hiyo, Nyati alipokwisha kurudi bwawani, Perere akatazama ghalani: boga moja.

Akaenda kwa Shangazi Nungunungu, mchimbaji hodari kuliko wote. "Shangazi, naomba unichimbie shimo."

"La nini, mwanangu?"

"La Nyati. Kwenye njia inayotoka bwawani kuja kwangu. Nitamchokoza, nitampa jani, atanifuata, mimi nitaruka, yeye atatumbukia."

Shangazi miiba yote ikamlala. "Shimo kwenye njia ya jani? Perere, njia hiyo hata nyoka akimkuta mwenzake hujivuta pembeni. Aliyepewa jani hutembea bila kutazama chini. Ndiyo maana ya jani."

"Ndiyo maana atatumbukia."

"Mwanangu, tafuta njia nyingine."

"Shangazi, siku moja tu! Magimbi ya mama yatakufa. Shimo moja, siku moja, tutalifukia kesho yake, nani atajua?"

Shangazi akamfuata hadi njiani. Kisha akachimba. Chaka, chaka, chaka. Wakalifunika kwa fito na majani makavu ya mgomba, njia ikawa kama njia.

Siku ya saba Perere akajinyoosha, akajipiga kifua, akatoka kwenda mkuyuni. Hata hatua kumi hajafika, akasikia gudu, gudu, gudu. Nyati huyo! Hajachokozwa, hajaitwa, anakuja mwenyewe. Ulafi, ndugu zangu! Mlafi hangoji kualikwa. Alikuwa na majani majani mdomoni, si mnawajua nyati, mdomo haupumziki. Akamwona Perere, akaguna, "Mmm. Mmm."

"Karibu, mkubwa!" Perere akamwita kutoka ng'ambo ya shimo. "Utasema baadaye, njoo ule kwanza!"

Nyati akaja. Hakutazama chini.

Puuu!

Bonde likatikisika. Perere akaruka juu ya jiwe, akapiga makofi. "Mkubwa, leo nimekukosea, lakini jani sina!" Wote wakatoka mafichoni. Kanga alicheka, Ngedere alicheka, vifaranga wasiojua kinachochekwa nao wakacheka. Shangazi Nungunungu hakucheka, lakini yeye ni mzee, tumwache.

Nyati alihangaika humo hadi jua la utosi. Alipopanda, ncha ya pembe moja ilikuwa imebaki shimoni, na mguu wa mbele anauburuta. Akamtazama Perere. Akasema neno, neno lenyewe halina maana, tuendelee. Akashuka uwandani, gudu, buru, gudu, buru, hajageuka nyuma.

Eh! Si nilisema? Uliyebisha uko wapi?

Walisherehekea siku tatu. Siku ya nne Ngedere akajisahau, akafungua maji kabla zamu ya Kanga haijaisha. Jambo dogo. Akachuma jani la sale, akafunga fundo, akampelekea. "Jirani, nimekukosea. Jani hili. Twende ukale kwangu."

Kanga akalitazama jani. Akaitazama njia. "Shimo liko wapi?"

"Shimo gani?"

"Nakuuliza wewe. Shimo liko wapi?"

Ngedere akaondoka na jani lake, na usiku huohuo akaziba mchirizi wa Kanga kwa matope. Kanga akaparua miche ya Ngedere. Kobe akamletea Digidigi jani. "Shimo liko wapi?" Digidigi akamletea Kanga jani. "Shimo liko wapi?" Na koo halikumfunga hata mmoja wa waliokataa! Walimeza vizuri tu. Hilo ndilo lililowaogofya kuliko yote.

Ikafika siku ya kusafisha mfereji. Tangu dunia iwe dunia, siku hiyo bonde zima hutoka na majembe, wanashika mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Safari hii hakutoka mtu. Nani angemgeuzia jirani mgongo, na jirani ana jembe? Tope likajaa. Nyasi zikaota. Mvua moja kubwa ikaja, ukuta wa bwawa ukabomoka upande mmoja, vururuu, na maji yakatafuta njia yao wenyewe. Mnajua yalikwenda wapi? Yalishuka korongoni, yakashuka, yakashuka mpaka uwandani, chururu, mpaka miguuni pa Nyati. Akanywa amesimama.

Perere alikwenda mpakani kwake. Lilikuwa limebaki sale moja, na sale lenyewe lilikuwa na jani moja. Akalichuma. Mikono yake iliyofunga mafundo mengi ya uongo ilishindwa kufunga hili. Alilifunga mara tatu likafunguka. Akampelekea Shangazi Nungunungu.

"Shangazi, nilikuchimbisha shimo kwenye njia ya jani. Nimekukosea. Jani hili."

Shangazi alitaka kulipokea. Mkono ulinyooka, Perere aliuona. Kisha miiba ikamsimama yenyewe, krrsh! kama kwa mtu asiyemjua.

"Tangulia, mwanangu," akasema. "Nitakuja."

Akatangulia. Akalipika boga la mwisho. Akakaa mlangoni, jua likazama, boga likapoa. Shangazi hakuja.

Tangu siku hiyo Perere anaishi juu ya mti, haamini njia yoyote ya chini. Jua likizama, saa ileile ambayo zamani waliokoseana walimaliza kula, anaanza: krrr, krrr, krraaa! Mnamsikia. Wageni hudhani anatisha watu. Anaita tu, aje mtu ale boga. Na mkipanda Ngurunga leo, tazameni ubavuni mwa mlima. Mtaona mstari mkavu, umenyooka, kama kovu la mshono. Mbuzi wanaufanya njia.

Sasa funzo, maana bila funzo mtasema nimewapotezea jioni. Hadithi hii inatufundisha kwamba akili ni bora kuliko nguvu. Ukionewa na mkubwa, chimba shimo. Tena refu. Ukimaliza la mkubwa, chimba na la jirani, huwezi kujua. Akili ni mali!

Maji yangu yamefika mwisho wa mfereji. Mwenye ndoo achote, asiye na ndoo alambe jiwe.

Maji hayo!

...

Mbona hamjibu?

Haya, ngojeni. Kaeni. Kuna kipande nimekiruka, na wewe wa kwenye gunia unanitazama kama uliyekiona kikidondoka.

Yale majani mdomoni mwa Nyati. Hakuwa anatafuna. Lilikuwa sale. Hakujua kuchuma, mdomo ule mkubwa, basi aliling'oa lote na mizizi yake na udongo wake, na alikuwa amejaribu kulifunga fundo kwa ulimi. Siku sita alikula kwa watu, na hakuna aliyewahi kumlisha tangu azaliwe, akadhani ni kweli. Ndiyo maana hakungoja kuchokozwa. Alikuja kuomba msamaha wa zamu zetu. Ile "mmm, mmm" ilikuwa "jani hili".

Na Perere aliliona. Alikuwa hatua tano tu mbele yake, na jua lilikuwa limeshatoka. Alikuwa na muda wa kusema "Simama." Akasema, "Njoo ule kwanza."

Na lile neno la Nyati, nilipowaambia halina maana? Alilitema lile sale miguuni pa Perere, akasema, "Kumbe huku hamna masale. Mna majani tu."

Basi. Sasa bisheni.