Baraza Lisilo na Msemaji wa Pili

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, palikuwa na Sultani Madi, mpenda mijadala kupita kiasi. Mwaka mmoja aliwaalika wanazuoni watatu waje kubishana barazani kipi kina nguvu zaidi, njaa au usingizi. Basi kila mmoja akaleta ujumbe kwamba yeye hasemi baada ya mwenzake. Sultani akaona tabu, na tabu ya mkubwa humwangukia mnyonge, akaitwa Shomvi, fukara mwenye kanzu moja na maneno mengi.

"Shomvi, uliandae wewe baraza hili. Kila mmoja awe wa kwanza kusema, asiwepo wa pili, nami nisikie kila neno. Ukishindwa, uhame mji wangu."

"Nimesikia na kutii, Maulana," akasema Shomvi. Lakini aliogopa kwelikweli, kwani mji mwingine wa kula kwa jirani bila kuulizwa angeupata wapi?

Siku ikafika, watu wakajaa. Mwanazuoni wa kwanza akaitetea njaa hata jasho likamtoka. Alipomaliza tu, Shomvi akainua mikono, akaomba dua ya kufunga. Na desturi ya mji ule, dua ikisomwa baraza limekwisha. Sultani hutangulia kutoka, na watu wote humfuata. Basi Sultani akatoka, akavaa viatu, na Shomvi akamwahi uani.

"Karibu ndani, Maulana. Baraza linafunguliwa."

"Baraza gani tena?"

"La Shehe Bahasani. Naye ni wa kwanza kusema katika baraza lake."

Ikawa kuvua viatu upya, kuamkiana mtu kwa mtu, na chetezo cha ubani kuzungushwa. Shehe Bahasani akautetea usingizi, dua ikasomwa, wakatoka tena. Sultani, mtu wa kitambi, alikuwa akitweta, miguuni kiatu chake kimoja na kimoja cha kadhi.

"Karibu ndani, Maulana," akasema Shomvi kwa adabu.

Sultani akamkamata mkono mwanazuoni aliyebaki, Mwinyi Kai. "Sema hapa hapa mlangoni. Uwe wa pili, uwe wa tatu, mimi sirudi ndani."

Mwinyi Kai naye alikuwa hoi kwa kuamkiana. "Mimi, Maulana, nakubaliana na wenzangu wote wawili."

Shomvi akainamisha kichwa. "Maulana, amri umeivunja mwenyewe. Sasa nani ahame mji?"

Sultani akacheka hata akakaa kitako kizingitini, akaamuru Shomvi avikwe joho. Wanazuoni nao wakaenda zao, wala hakuna aliyeuliza nani atangulie.