Mashine ya Mzee Shaame

Mashine huulizwa ingali baridi. Neno hili mlilisikia jana penye posa ya Riziki, shangazi yenu alipowajibu wale wageni waliotaka jawabu papo kwa papo, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya gereji. Haya, kaeni. Na wewe zima hiyo simu, mimi si redio. Neno hilo halikuanzia gerejini. Lilianza hapa hapa Wete, nami nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Palikuwa na mtu akiitwa Mbarouk Ngwali. Alikuwa na shamba la mikarafuu arobaini, urithi wa mama yake, na shamba hilo ndilo lililomlisha yeye, mkewe Salha na wana wao watano. Tajiri hakuwa, ila hakuomba kwa mtu. Miaka ile wageni walianza kuja Pemba kuzamia kwenye matumbawe, na Mbarouk akaingiwa na hamu ya kuwatembeza baharini.

Mkwewe, Mzee Shaame, babake Salha, alikuwa na yoti. Hamjui yoti nyinyi? Mashua ya Kizungu ya matanga, ndani ina vitanda na jiko, na chini ina mashine ya dizeli. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka dunia aliugua alipofika hapa, akamwachia Shaame kwa bei ya chee, akapanda ndege akaenda zake. Sasa Shaame alichoka kuitunza, akataka kumuuzia Mbarouk. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na nusu ya lile shamba.

Salha alimwambia mumewe, "Baba ni baba, lakini rahisi ghali. Mpeleke fundi kwanza." Fundi mwenyewe ndiye mimi.

Tulikwenda asubuhi, saa nne. Hatukuanzia pwani, maana kwa mkwe huendi kukagua kitu kabla hujala. Tukawekewa mkate wa kumimina na chai ya maziwa, tukaulizana hali, tukaombeana dua. Nilikula vipande vitatu. Ndipo tukateremka. Loh, ile yoti ilipendeza! Nyeupe pepepe, matanga yamekunjwa kama nguo za Idi. Nikashuka chini, nikaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa moto.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mashine ya dizeli iliyochoka, ringi zimelika na silinda zimepanuka, huonyesha ugonjwa wake ikiwa baridi. Itakohoa, itatoa moshi mweupe, itagoma. Ukishaipasha, hata iliyo mbovu huwaka. Fundi anayejua kazi akikuta mashine ina moto kabla hajaiwasha yeye, husema, "Iacheni ipoe, nitarudi kesho." Maneno hayo tu. Na msidhani Mzee Shaame alikuwa mwizi. Aliipasha kama mtu anavyofagia uwanja akisikia wageni wanakuja. Aliona aibu mashine yake ikohoe mbele ya mume wa bintiye.

Akabonyeza stata, ikawaka mara moja. Akauliza, "Unaionaje, Fundi?"

Mbarouk naye akajikaza, akauliza kwa adabu, "Baba, na ikiharibika, gharama yake inaweza kufika kiasi gani?"

Shaame akacheka. "Gharama! Kwani haina matanga? Mashine ni ya kutokea bandarini tu, mwanangu."

Mbarouk akainamisha kichwa. Mkwe akishacheka, huulizi mara ya pili. Akanitazama mimi, maana mimi sikuwa mkwe wa mtu pale, ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimekula chakula cha mzee wa watu, na uso wake umejaa furaha. Nikasema, "Inanguruma vizuri, mzee."

Mbarouk akauza mikarafuu ishirini, akanunua.

Safari ya kwanza, wageni sita wameshakaa ndani asubuhi na mapema, mashine ikagoma. Akatweka tanga. Kutoka akatoka, lakini ghuba yetu ni nyembamba na ina miamba, na jioni upepo ukamkatalia kuingia. Wageni wakalala baharini, ndege ikawaacha. Hoteli iliyomletea wageni ikasema basi.

Nikaifungua mashine. Ringi zimekwisha, silinda zimelika, na bloku lenyewe, mwili wa mashine, limeliwa na chumvi. Vipuri haviko Pemba, haviko Dar, ni vya kuagiza Ulaya. Nilipopiga hesabu, ukarabati ulikuwa bei ya yoti nyingine. Ningemwambia Mbarouk aiache ioze abaki na nusu ya shamba, lakini nikaona haya tena. Akauza ile mikarafuu ishirini iliyobaki. Vipuri vikaja, nikavifunga kwa mikono yangu, yoti ikatembea miezi mitatu, kisha bloku likapasuka. Ikasukumwa kwenye mikoko. Watu wakaja wakakata risasi iliyo chini yake, ule uzito wa kuizuia isipinduke, wakatengenezea chubwi, vile vizito vya mishipi ya kuvulia.

Msimu wa karafuu ulipofika, Mbarouk alikwenda kuchuma kwa ujira wa kila kipimo cha pishi, katika shamba lililokuwa lake. Miaka hamsini na miwili, jamani, anapanda mti alioupalilia tangu utotoni, na kila pishi anampimia mwingine. Na tawi la mkarafuu halitoi onyo. Lilikatika naye, akaanguka, akavunjika mgongo.

Nilikwenda kumtazama. Salha alikuwa amekaa miguuni pake. Mbarouk akaniambia, "Fundi, siku ile uliigusa mashine. Ilikuwa moto?"

Nikasema, "Ilikuwa moto."

"Na ulijua?"

"Nilijua, Mbarouk."

Salha akageuka akanitazama. Mumewe akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe hakulala. Akasema polepole, "Mashine huulizwa ingali baridi, Fundi. Mimi niliona haya, na wewe ukaona haya." Hakunitukana. Wallahi, ningefurahi angenitukana.

Siku ya tatu yake akafariki, tukamzika. Salha alipotoka eda, watu walikuja kwake na mambo ya haraka haraka: huyu anataka binti, huyu anataka kumuuzia kiwanja. Kila mmoja alimjibu kwa lile neno la mumewe, na mji mzima ukalishika. Mimi, tukikutana njiani, ananiitikia salamu, na hazidishi.

Msilicheke tena neno hili. Mtu akikupambia jambo, akakulisha, akakuharakisha, mwambie utarudi kesho, na akinuna muache anune. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Ya kunyamaza ninayo mwaka wa thelathini huu. Mashine huulizwa ingali baridi.