Alama za Kucha Nyumbani kwa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia ninyi mliokaa mkekani tu. Na ninyi wa huko nyuma, penye moshi, mna midomo au hamna? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wote.

Hapo zamani za kale, kwenye mbuga ya udongo mwekundu, palikuwa na Ngiri na palikuwa na Muhanga. Ngiri mnamjua, yule wa meno yaliyopinda, akikimbia mkia unasimama. Muhanga ni yule mwenye pua ndefu, masikio marefu na makucha makubwa. Yeye hulala mchana na kuchimba usiku. Kwaru, kwaru, kwaru!

Ngiri alikuwa na nyumba chini ya ardhi, pana, kavu. Mlangoni palikuwa na lundo la udongo laini, na juu yake ziliota ndago, yale majani yenye viazi vidogo vyenye utamu mizizini. Babu yake alikula ndago zile, akashiba. Baba yake akala, akashiba, akaweka akiba. Ngiri mwenyewe akala, akashiba, akaweka akiba, shingo ikanenepa.

Na Muhanga? Bibi yake alilala njaa. Mama yake alilala njaa. Yeye naye alilala njaa, na sasa alikuwa na mtoto mchanga.

Kila mwaka kabla ya masika, wanyama walikula pamoja kwa Ngiri. Kila nyumba ilileta kikapu chake. Mwenye kikapu kikubwa alikaa mkekani. Mwenye kikapu kidogo alikaa nyuma, penye moshi. Mwaka ule Muhanga hakuwa hata na kikapu, alileta mchwa wachache kwenye jani. Akaenda nyuma bila kuonyeshwa. Alishazoea.

Mbingu ikanguruma. Ngurumu! Muhanga akainuka.

"Bwana Ngiri, mvua hiyo inakuja. Nimechomwa mwiba mguu wa kushoto, siwezi kuchimba. Naomba kona moja ya nyumba yako, masika haya tu. Si kwa ajili yangu. Huyu mtoto akinyeshewa atakufa."

Ngiri akacheka. Kwa! Kwa! Kwa!

"Jirani, mchana kutwa wewe umelala! Wenzako tuko kazini, wewe unakoroma. Mama yako vilevile, bibi yako vilevile. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukoo wenu hamtaki kuinama!"

Wanyama wakacheka. Swala akacheka. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikalia. Na wewe ungecheka, usinitazame hivyo. Aliyekaa karibu na kikapu humchekea mwenye kikapu.

"Njooni wote mwone kazi ilivyo," akasema Ngiri. Akawaingiza ndani, akawaonyesha ukuta. "Tazameni mistari hii. Hili ni jasho la babu yangu! Alikwangua udongo huu kwa mikono yake."

Kweli, ukutani palikuwa na mistari minne, minne, minne, toka mlangoni hadi mwisho.

Muhanga akaitazama. Akanyanyua mguu wa kulia, akaweka kucha zake nne kwenye mistari minne. Zikaingia zote. Tii!

Wanyama wakatazama kucha za Muhanga. Kisha wakatazama kwato za Ngiri. Swala akajifanya anajikuna sikio.

Mama yake Ngiri, kizee sasa, alikuwa kona ya ndani. Akajifunika uso.

"Mwanangu, si ungenyamaza tu? Babu yako hakuchimba. Alikuja na mvua, anatetemeka, na bibi yake Muhanga huyu akamwambia, karibu, masika moja tu. Masika yakaisha, babu yako hakutoka. Bibi wa watu akaona haya kumfukuza mgeni, akaenda kuchimba kwingine. Huko nako akaingia mgeni mwingine. Hata udongo zinapoota ndago, aliufukua yeye. Nimeyajua haya tangu nilipoolewa hapa. Nikala, nikanyamaza."

Uso wa Ngiri ukawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini tayari alikuwa ndani ya ardhi, tena ya wenyewe. Magoti yakakunjika. Pu! Akaanguka mbele ya Muhanga.

"Bi Muhanga, nina aibu."

"Naiona," akasema Muhanga. "Lakini aibu yako haimkingi mwanangu na mvua. Wala haimshibishi."

"Nyumba ni yenu. Ndago ni zenu. Sisi tutatoka."

"Sitamfukuza mtu kwenye mvua. Kwetu hatufanyi hivyo. Lakini kikapu tutagawana, leo na kila mwaka, na wajukuu zako wataambiwa kwa nini."

Mvua ikashuka. Waa! Mtoto wa Muhanga akalala pakavu. Mama yake akaketi mkekani, pale mbele. Ndago zikaletwa. Ngiri akataka kula amesimama, kama zamani. Akashindwa. Kila akifika kwenye ndago, magoti yanakunjika.

Hata leo nenda mbugani ukamwone. Ngiri akila, hupiga magoti. Wageni husema anatafuta mizizi. Sisi tunajua, anaona haya.

Basi funzo ni hili: usimwite maskini mvivu kabla hujauliza nyumba yako ilichimbwa na nani. Na ukishajua, usiishie kuona haya. Rudisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mkeka. Mlio mbele, sogeeni. Kuna wenzenu huko nyuma, macho yamewauma kwa moshi.