Sufuria Iliyoingia kwa Mlango wa Mbele

Kisasi cha mpishi, adui alambe vidole.

Mnacheka? Chekeni tu, meno ni yenu. Mlikuwa mnamtazama yule binti wa Kikorea kwenye tamthilia yenu, na kimgahawa chake cha tambi, kasimama na bakuli mkononi mbele ya tajiri aliyemfilisi baba yake. Nyinyi mnapiga kelele, "Mtilie sumu! Mmwagie usoni!" Mimi nikasema neno moja, umeme ukakatika, na sasa mnaniuliza babu neno hilo kalitoa wapi. Sikulitoa Korea, wajukuu zangu. Kaeni vizuri. Shemsa, mguu wako ushuke mezani. Methali hii ilianza hivi.

Pale Kijango, mji wa njiani, mabasi ya safari ndefu yalikuwa yakisimama dakika ishirini abiria wapate kula. Upande mmoja wa barabara palikuwa na hoteli ya Bwana Chambuso, ya ghorofa, sakafu ya vigae. Upande wa pili palikuwa na banda la Bi Mwanamtama, mabati manne na mabenchi mawili. Mabasi yalisimama kwa Chambuso, maana dereva na utingo walikuwa wakila bure kwake, nyama mbilimbili. Ndiyo desturi ya njia. Lakini abiria hawakupewa cha bure, wao walikuwa na pua. Wakishuka tu, harufu ya kuku wa nazi wa Bi Mwanamtama inawavuta, wanavuka barabara mbio, na meza za vigaeni zinabaki na nzi.

Bi Mwanamtama alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, wa miaka kumi na mitano. Huyu ndiye mwenye hadithi.

Siku moja adhuhuri Chambuso alivuka barabara, na watu wake wanne nyuma. Hakusalimia. Akafunua sufuria, akachovya kidole, akalamba. Sikudhani alikuwa karibu, akimenya vitunguu, na alimwona yule mtu akisimama kimya na kidole mdomoni, kama aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akapaza sauti abiria wote wasikie.

"Uchafu huu ndio utakaotuletea kipindupindu!"

Akaipiga sufuria teke. Jamani, teke lile! Sufuria ilibonyea ubavuni, ikabingirika hadi mtaroni, na mchuzi wote ukanywewa na vumbi.

Bi Mwanamtama hakutukana. Alipiga magoti akaanza kuokota minofu, mmoja mmoja, akiirudisha ndani ya sufuria. Si kwa kuuza. Alikuwa akisema tangu zamani kwamba chakula hakikanyagwi. Watu walitazama na hakuna aliyeinama kumsaidia, ila binti yake. Na Sikudhani alipokuwa akiokota, machozi na vumbi vimemjaa usoni, akamwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Yule mtu, iko siku nitamlisha chumvi tupu mbele za watu. Wallahi."

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema. "Shika huku."

Banda likavunjwa wiki ileile. Bi Mwanamtama hakupika tena kwa ajili ya kuuza, na mwaka wa tatu akafariki. Msiniulize alikufa kwa ugonjwa gani. Mtu ukimnyang'anya kazi ya mikono yake, maradhi yanajitafutia jina yenyewe. Sikudhani akarithi sufuria iliyobonyea. Siku ya arobaini ya mama yake akanunua kilo moja ya chumvi, akaifunga kwenye kipande cha kanga ya marehemu, akaiweka.

Ikakaa miaka kumi na miwili. Alikwenda akapika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, akapika kwenye misiba na maharusi, na kila alikohama, fundo lile lilihama naye. Chumvi ya kupikia alinunua nyingine. Ile ilikuwa na mwenyewe.

Mwishowe akarudi Kijango, akasimamisha banda palepale pa mama yake. Chambuso hakumtambua. Alimwita "wewe wa ng'ambo", na akaweka sharti kwamba wanawake wa mabandani wakiitwa hotelini kwa jambo lolote wapite mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Sikudhani akameza. Alikuwa anasubiri siku yake, na watu wanaosubiri hivyo, wajukuu zangu, waogopeni.

Siku ikaja kwa miguu yake. Chambuso alikuwa akizindua ghorofa ya pili. Kaalika wakubwa wa wilaya, masheikh, mapadri, wenye mabasi, watu mia hivi. Akaleta mpishi kutoka mjini, mwenye kofia ndefu kama mnara. Basi yule bwana akaweka pilau la mbuzi wawili juu ya jiko la gesi linalounguruma, akafunika, akaenda kunyoosha kofia yake. Pilau la sufuria kubwa, hata bibi yenu anajua, halipikwi kwa moto wa chini peke yake! Unapunguza moto, unapalia makaa juu ya kifuniko, unaliacha lijipike taratibu. Saa nne asubuhi mji mzima ulinusa. Chini limeungua, juu bichi, na wageni wanaingia saa saba.

Chambuso akavuka barabara. Safari hii peke yake, jasho linamchuruzika kwenye kola.

"Mama," akasema. Hakusema tena wewe wa ng'ambo. "Mbuzi wapo wengine, mchele upo, nazi zipo. Mkono ndio sina. Nisitiri."

Sikudhani aliangalia fundo la kanga pale juu ya rafu.

"Nitakusitiri," akajibu. "Lakini nitapikia mkaa, si gesi. Na sufuria yangu itaingia kwa mlango wa mbele."

"Hata kwa dirishani, mama, wewe njoo tu!"

Basi Kijango ikaona ajabu. Sikudhani akapita katikati ya viti vilivyopambwa, juu ya vigae, sufuria iliyobonyea kichwani, na ndani ya sufuria lile fundo. Wanawake wote wa mabandani walikuwa nyuma yake, kila mmoja na karai la makaa mekundu. Wahudumu wakasogea ukutani wenyewe.

Wakapika. Pilau kwenye masufuria makubwa ya hoteli, makaa chini na juu. Na kuku wa nazi wa meza kuu, atakapokaa Chambuso na wakubwa wake, Sikudhani akampika peke yake, ndani ya sufuria ya mama yake.

Saa saba kasoro robo akawatuma wenzake wote wapeleke pilau. Akabaki yeye na sufuria. Akafungua fundo. Chumvi ilikuwa imegandamana, akaivunjavunja kwa ngumi. Kilo nzima. Nje alisikia vipaza sauti, Chambuso anakaribisha wageni. Si alikuwa ameapa? Basi wakati ndio huu.

Lakini mpishi ni mpishi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kutia kitu chochote katika mchuzi bila kuonja kwanza. Mkono wenyewe ukachukua mwiko, ukadondosha tone kiganjani, akalamba.

Akasimama kimya.

Alikuwa ni mama yake, mtupu. Ule mchuzi uliokwenda na vumbi miaka kumi na mitano nyuma, ulikuwa umerudi, haujapungua nazi wala ndimu. Alikuwa akiutafuta kambi kwa kambi na hakuwahi kuupata, siku zote ulikosa kitu. Leo umekamilika. Sikudhani akashika meza kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.

"Mama," akasema, "nikiitia chumvi hii, nitakuwa nimeipiga sufuria yako teke la pili."

Akalifunga fundo. Akajipangusa uso, akaibeba sufuria yenyewe, bila kupakua kwenye mabakuli ya kioo, akaitua katikati ya meza kuu.

Chambuso alianza kwa uma. Tonge la kwanza akatafuna akiongea na mgeni wake. La pili akanyamaza. La tatu akauweka uma chini, akakunja mkono wa shati la hariri, akaingiza vidole. Watu wakaanza kugusana. Yule tajiri alikula kama mtoto aliyetoka kucheza, akafuta sahani kwa mnofu wa mwisho, kisha, mbele ya wakubwa wa wilaya, masheikh na mapadri, akalamba vidole, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Na kidole kikiwa bado mdomoni, macho yake yakaanguka kwenye ubavu wa sufuria.

Alipaona pale palipobonyea. Akamtazama Sikudhani, uso, paji, macho. Chambuso akainuka.

"Sufuria hii niliipiga teke mimi," akasema. "Mwenyewe aliitwa Mwanamtama. Nilimwita mchafu. Nilisema uongo, ndugu zangu. Nilikuwa nimeuonja, nikajua meza zangu hazitajaa maadamu yule mama anapika."

Akamgeukia Sikudhani. "Nichukue nini nikupe, mwanangu?"

"Nimeshachukua, baba," akasema Sikudhani. "Wameona."

Akaibeba sufuria, tupu, nyepesi, akatoka nayo kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama wote, kama wanavyosimama jeneza la mtu mwema likipita, na baadhi ya waliosimama walikuwa miongoni mwa wale waliotazama bila kuinama siku ile ya mtaroni. Wao ndio waliokuwa wakilia zaidi.

Hapo mlangoni alikuwapo dereva mmoja mzee, Mzee Kidege, aliyekula nyama za bure za Chambuso miaka ishirini. Alimtazama yule binti akivuka barabara, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe! Kisasi cha mpishi, adui alambe vidole." Kesho yake basi lake lilisimama upande wa pili, na chakula akalipia.

Na ile chumvi? Eh, chumvi ni chumvi. Sikudhani aliimimina kwenye kopo la jikoni, akawa anapikia, chembe kwa chembe, mpaka ikaisha, na hakuna abiria aliyejua anakula nini.

Haya, umeme huo umerudi. Washeni televisheni yenu. Huyo binti wa Kikorea bado kashika bakuli lake, na mimi sijui Wakorea wataamuaje. Lakini mkimwona tajiri kanyamaza ghafla na kijiko mdomoni, msimpigie kelele za sumu tena. Kisasi cha mpishi, adui alambe vidole.